Jibu: Kambi ya karavani kubaki na pesa zote za wazee

Dada, pole kwa mzee kulazwa. Umeuliza kama kambi ya karavani (nyumba za magurudumu) huko New South Wales, jimbo la Australia, ina haki ya kumeza malipo ya wiki mbili nzima ya wazee wenu walioghairi, eti kwa sababu "masharti yanasema hivyo". Kuandikwa tu hakuyafanyi kuwa halali. Sheria ya walaji ya Australia inabatilisha sharti la mkataba uliochapwa tayari, ambao mteja hajadiliani, likimbana mteja kupita kile mfanyabiashara anachohitaji kujikinga na hasara, na tangu Novemba 2023 kuweka sharti la namna hiyo kuna adhabu.

Hasara yenyewe ndiyo ya kuuliza. Sisi tulipoghairi nafasi yetu ya kambi wakati wa Pasaka, mume wangu alifungua tovuti yao usiku uleule: kiwanja chetu, kile cha chini ya mkaratusi, kimeshachukuliwa na mtu mwingine! Akapiga picha ya skrini, akaituma pamoja na cheti cha daktari. Walirudisha zote isipokuwa dola 40, nazo tukawaachia.

Waandikieni, msipige simu. Wakikaza, pelekeni lalamiko NSW Fair Trading, ofisi ya jimbo inayolinda walaji, ni bure. Baadaye NCAT, baraza la jimbo la kuamua mashauri, ambako kuna ada ya kufungua shauri. Ila kama wazee walighairi siku ileile ya kufika, pesa za usiku mmoja sidhani mtazipata.