Jibu: Afisa wa afya amekataa kupitisha kibanda cha samaki, Kisumu

Hujambo, ndugu. Umeeleza kwamba afisa wa afya ya umma amekataa kupitisha kibanda chako cha samaki ingawa kibali cha biashara umekilipia. Kibali hicho hakichukui nafasi ya leseni ya usafi wa chakula, inayotolewa chini ya Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, yaani Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali. Kagua kwanza vyeti vya afya vya wafanyakazi wote, hata yule anayeosha sufuria tu, kwa kuwa hudumu miezi 6 na ndivyo ninavyoona vikiwaangusha wengi. Kisha tenga ubao wa samaki wabichi na ule wa kachumbari, wala samaki waliokaangwa wasishinde vuguvugu ndani ya kabati la kioo. Mwombe afisa akuandikie kasoro zote, ili akirudi mfuate karatasi ileile.