Mauyoga? Hata kidogo

SWALI: Mimi ni mwalimu, nasimamia chama cha mazingira shuleni kwetu Kakamega. Wanafunzi wamechora uyoga wa porini: mmoja kama tandiko la farasi, mwingine kama kikombe, wa tatu kama kiazi, na huo wa tatu huota chini ya ardhi. Je, tuandike "mauyoga ya tandiko, ya kikombe na ya kiazi"?

JIBU: Mwalimu, matandiko na vikombe vitangoja. Tuanze na hiyo "ma".

Sijui nani aliwaambia Wakenya kwamba kitu hakijawa kingi mpaka kivishwe "ma". Tuna mavitu, tuna mawatoto, na juu ya yote tuna madawa. Madawa ya kikohozi, madawa ya ng'ombe, madawa ya kulevya! Kutoka Nakuru hadi Kisumu utayakuta kwenye mabango na redioni. Dawa ni dawa, iwe kidonge kimoja au lori zima. Wingi unaonekana kwingine: dawa hii imeisha, dawa hizi zimeisha. Watetezi wa madawa hunipigia kelele za "marafiki". Haya, marafiki wamekaa nasi muda mrefu, siwafukuzi. Wakiniambia dawa nayo imetoka Kiarabu kama rafiki, najifanya sijasikia.

Uyoga hauna hata kisingizio hicho. Ni neno la Kibantu, na "u" yake ni ile ile ya "obw" katika obwoba ya Waluhya. Nyanya yako akirudi na kikapu kimejaa, bado ni obwoba. Na jikoni, je, amekupikia mauugali? Sema uyoga mwingi, fungu la uyoga, aina tatu za uyoga.

Sasa picha zenu. Tandiko linatokana na kutandika, kitanda au punda, kwa hiyo "uyoga tandiko" ni jina zuri. Wataalamu huuita Helvella. Ule wa kikombe, ambao wao huuita Peziza, na wenzake ni "uyoga kikombe". Huo wa tatu, ambao Wafaransa huusaka kwa mbwa na nguruwe wanaofuata harufu yake, uwe "uyoga kiazi". Wanafunzi wakibisha kwamba uyoga lazima uwe na mwavuli kama ule wa kwenye vichuguu, waambie aina hizi tatu hubeba vijimbegu vyake ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, si kwenye mikunjo chini ya kofia.

Ila msipike mlichochora. Jamaa mmoja wa uyoga tandiko, mwenye mikunjo kama ubongo, huitwa Gyromitra esculenta. Hilo la pili ni Kilatini, maana yake "wa kuliwa", na sumu yake imeua watu. Aliyeupa jina hilo simsamehi, ingawa angalau hakuuita mauyoga.