Kamera ndogo ya Flip, uso uliotiwa giza na sauti iliyofifia: jibu kwa msomaji wa Tanga

SWALI: Mjomba wangu anayeishi Marekani alipokuja likizo aliniachia kamera ya video ya mfukoni aina ya Flip UltraHD, ile yenye kitufe kimoja kikubwa chekundu. Nakusudia kumrekodi bibi yangu akisimulia habari za ukoo wetu, na baadaye kurekodi harusi ya mdogo wangu. Nilipojaribu sebuleni, uso wa bibi ulitoka mweusi na sauti yake ilisikika kwa mbali huku feni ikivuma. Mwanangu naye aliishika kamera kama simu, na video ikatoka imelala ubavu. Tena nikiichomeka kwenye kompyuta, programu ya FlipShare inayokuja nayo haikubali kufanya kazi. Je, kifaa hiki bado kinafaa, au nitumie simu tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, kamera yako bado inafaa, mradi ufahamu kwamba ilitengenezwa kwa shabaha maalumu. Kampuni ya Pure Digital ya San Francisco, iliyobuni kamera za Flip, ilitaka mtu asiyejua lolote kuhusu upigaji wa video aweze kubonyeza kitufe chekundu na kuanza kurekodi papo hapo. Ili kutimiza hilo iliondoa karibu kila kitu ambacho mpigapicha hukirekebisha kwa mkono: lenzi yake haina pete ya fokasi (ya kurekebisha ukali wa picha), hakuna pa kuongeza wala kupunguza mwanga, hakuna tundu la maikrofoni ya nje, na hakuna nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kwa hiyo marekebisho ambayo kwenye kamera kubwa hufanywa kwa vitufe, wewe utayafanya kwa kuchagua mahali pa kumketisha mtu na mahali pa kusimama wewe mwenyewe. Kasoro zote ulizozieleza, ukiacha ile ya kompyuta, zinarekebishika kwa njia hiyo, na hakuna hata moja inayoonyesha kwamba kamera imeharibika.

Nianze na lile jepesi. Simu hulazwa ubavu ili picha iwe pana, lakini Flip hushikwa wima, kitufe chekundu kikiwa chini ya kioo, na picha inayorekodiwa huwa pana vilevile, ya pikseli 1280 kwa 720. Ukiilaza kama simu, kamera haina habari kwamba imegeuzwa, na ndiyo sababu video ya mwanao ilitoka imelala. Video hiyo si ya kutupa. Programu yoyote ya kuhariri inaweza kuigeuza, ingawa itabaki nyembamba, yenye mistari mipana myeusi kulia na kushoto.

Kuhusu uso mweusi, nadhani nyuma ya bibi palikuwa na dirisha au mlango uliofunguliwa. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani, kwa hiyo ikiona dirisha linalong'aa hupunguza mwanga wote, na uso ambao ulikuwa kivulini tangu mwanzo huzama gizani kabisa. Kuwasha taa ya dari hakutasaidia sana, kwa maana taa ya nyumbani haiwezi kushindana na jua la saa nne asubuhi. Kinachotakiwa ni kumgeuza bibi alielekee dirisha, akiwa ubavuni kidogo ili asikunje macho, nawe usimame upande wa dirisha huku umelipa mgongo au bega. Barazani chini ya paa, jua lisipofika usoni moja kwa moja, ni pazuri zaidi kuliko sebuleni, hasa asubuhi au baada ya alasiri. Usiku sikushauri kabisa, kwani kihisi cha mwanga cha kamera hii ni kidogo mno, na penye mwanga haba picha hujaa chengachenga.

Ikiwa ni lazima urekodi ndani kwa taa, huenda ukaona mistari ya giza na mwanga ikipanda na kushuka kwenye picha. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde na ule wa Marekani una 60, na kamera zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la kule, zinazorekodi picha 30 kwa sekunde, haziendi sambamba na kumetameta kwa baadhi ya taa zetu, hasa za mirija na za LED za bei nafuu. Jaribu kuzizima moja moja huku ukitazama kioo cha kamera mpaka umpate mkorofi.

Sasa tuje kwenye sauti, ambayo kwa kazi uliyoikusudia ndiyo muhimu kuliko picha. Wajukuu watamvumilia bibi akionekana kwenye picha hafifu, lakini maneno yasiyosikika hayana msaada kwa mtu yeyote. Ugumu uliopo ni kwamba lenzi na maikrofoni ya kamera hii zinataka mambo mawili yanayopingana. Lenzi yake imefungwa fokasi tangu kiwandani, kwa hiyo kitu kilicho karibu mno, tuseme chini ya mita moja, hutoka na ukungu, na huwezi kukirekebisha. Maikrofoni nayo iko kwenye kamera yenyewe, na kila unapoongeza umbali maradufu, sauti inayoifikia moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ukitoka mita moja kwenda mita nne, umepoteza desibeli 12 za sauti ya bibi, ilhali feni, friji na magari ya barabarani vinaendelea kwa nguvu ileile. Kamera huipandisha sauti hiyo iliyodhoofika na kupandisha kelele pamoja nayo, nawe unabaki na ule uvumi ulioulalamikia.

Mahali pa kukubaliana kati ya hizo mbili ni kama mita moja na nusu. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa kuwa UltraHD ina tundu la skrubu chini yake, au juu ya rundo la vitabu mezani, lenzi ikiwa usawa wa macho ya bibi. Usiishike mkononi kwa mazungumzo marefu, maana ni nyepesi mno na haina cha kuituliza, hivyo hata pumzi yako itaonekana. Zima feni. Ikiwa joto halivumiliki, rekodi dakika kumi na kumi, na katikati muiwashe mpumzike. Chagua saa ambayo watoto wako shuleni na jirani hachomelei vyuma, na ukisikia mvua ikianza kupiga mabati, simamisha, kwa sababu hakuna programu itakayoitenganisha na maneno. Kabla ya mazungumzo yenyewe, rekodi nusu dakika, kisha ihamishie kwenye kompyuta uisikilize kwa visikizi, si kwa spika ndogo ya kamera ambayo huficha makosa.

Kuna njia moja bora zaidi ambayo sisi wenye kazi hii huitumia hata kwa kamera ghali, nayo haitakugharimu kitu. Chukua simu yako, iweke katika hali ya ndege ili isiite, fungua programu ya kurekodi sauti, kisha iweke juu ya mto mdogo au kitambaa, umbali wa shibiri mbili hivi kutoka kinywani mwa bibi, nje kidogo ya picha. Iwashe simu, iwashe kamera, halafu simama mbele ya lenzi upige kofi moja kali. Utakapohariri, utaliona kofi hilo likisimama kama mwiba kwenye mchoro wa sauti ya kamera na ule wa simu pia. Utailinganisha miiba hiyo miwili, utainyamazisha sauti ya kamera, na utabaki na picha ya Flip na sauti ya karibu. Programu za Shotcut na OpenShot, ambazo ni za bure, zinafanya kazi hii bila shida. Tahadhari ni moja tu: saa za vifaa viwili hazitembei sawasawa kabisa, hivyo katika rekodi ya saa nzima midomo na maneno vinaweza kuanza kuachana. Vipande vya dakika kumi hadi kumi na tano, kila kimoja na kofi lake, vinaliondoa tatizo hilo.

Umeuliza kama utumie simu tu. Simu nyingi za miaka ya karibuni zina picha bora kuliko Flip, hasa penye mwanga mdogo, na sitakudanganya kwamba kamera ya 2009 inazishinda. Hata hivyo, wazee wengi hukaa wima wakielekezewa simu, lakini kijisanduku kilichowekwa mezani hukisahau baada ya dakika chache. Tena simu ikiwa imefungwa kwenye kazi ya sauti, unahitaji kitu kingine cha picha, nacho unacho.

Harusini hali ni nyingine. Usiifanye Flip kuwa kamera ya pekee ya harusi. Muache mpigavideo wa kulipwa afanye ukumbi, nawe uchukue yale ambayo hatayafikia: jikoni kwenye masufuria ya pilau, chumbani bibi harusi akipakwa hina, wazee wakisalimiana uani. Usiguse zumu (kitufe cha kukuza picha), kwani hiyo hukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua mpaka kipoteze ukali. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, msogelee. Usiizungushe kamera haraka kutoka upande mmoja hadi mwingine, maana kihisi chake husoma picha mstari kwa mstari, na nguzo na milango itaonekana imeinama. Shikilia picha moja kwa sekunde kumi bila kusogea, simamisha, kisha nenda kwenye nyingine. Taarabu ikianza, ondoka mbele ya spika, ukae pembeni au nyuma ya wasikilizaji, la sivyo sauti itapasuka na hakuna namna ya kuirudisha.

Kuhusu kompyuta, usihangaike na FlipShare. Kampuni ya Cisco iliinunua Pure Digital mwaka 2009, na mwezi Aprili 2011 ikatangaza kuifunga biashara yote ya Flip, kwa hiyo programu hiyo haina mtu wa kuisahihisha ili iendane na kompyuta za leo. Habari njema ni kwamba huihitaji. Fungua mkono wa USB, yaani kile kiungio kinachochomoza ubavuni mwa kamera, uchomeke, kisha kwenye orodha ya diski za kompyuta utaiona kamera kama unavyoiona flashi. Ingia kwenye folda ya DCIM, na humo utakuta video zako zikiwa mafaili ya MP4, ambayo programu ya VLC huyacheza bila masharti. Kompyuta ikikuuliza kama uifomati diski hiyo, kataa. Mkono wa USB nao ni mahali dhaifu: kompyuta ya mezani yenye tundu nyuma huiacha kamera ikining'inia kwa uzito wa betri zake, na kiungio hulegea. Nunua waya mfupi wa kurefushia USB, ili kamera ilale juu ya meza.

UltraHD yenye kumbukumbu ya 8GB hurekodi kama saa mbili, yaani takriban megabaiti 65 kwa kila dakika. Kumbukumbu hiyo imejengwa ndani, haichomoki, kwa hiyo kamera ikifa, au ikiibwa, hakuna kadi ya kuokoa. Nakili video siku hiyohiyo uliyorekodi, kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, uzifungue nakala zote mbili uone zinacheza, ndipo ufute zilizo kwenye kamera. Wanaotumia Mac wajue kwamba faili lililofutwa huendelea kujaza kamera hadi pipa la taka limwagwe kamera ikiwa bado imechomekwa. Kwa ndugu walio mbali, usitume faili kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwani litabanwa na kupoteza ubora. Litume kama hati, ambayo huruhusiwa kufikia 2GB.

Mwisho ni betri. Betri maalumu iliyokuja na UltraHD hupata chaji kupitia USB, lakini betri za kawaida za kuchaji za AA utakazonunua dukani zinahitaji chaja yake, hata kama zinaingia vizuri kwenye kamera. Betri za alkalini za kutupa zinafaa kwa dharura, ila zikisahaulika humo kwa miezi huvuja na kula vyuma, hivyo zitoe kila unapoiweka kamera kabatini. Kila ukizirudisha, angalia tarehe na saa za kamera kabla ya kurekodi, kwa sababu mafaili ya bibi yakibeba tarehe isiyo yake, atakayeyapanga baadaye hatajua masimulizi yapi yalitangulia.