Kumpeleka mama kwenye meli ya mto Danube: mambo ya kupanga kabla ya kulipa

Kwa mama aliyevuka miaka sitini au sabini, meli ya mtoni ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuiona Ulaya. Sanduku linafunguliwa mara moja, kitanda ni kilekile wiki nzima, na asubuhi anaamkia mji mwingine. Mto hauna mawimbi na kingo zote mbili zinaonekana, kwa hiyo hata anayeogopa bahari hupata usingizi. Dawa za kichefuchefu hazina kazi huku. Safari hizi huharibiwa na mambo mengine: ngazi, njia iliyochaguliwa kwa kuangalia picha, na visa iliyoombwa ubalozi usiohusika. Yote hayo hushughulikiwa kabla hujatoa hela.

Anza na njia

Kwa safari ya kwanza na mama, chagua Danube kati ya Passau (Ujerumani) na Budapest (Hungary). Njia hiyo inapita Linz, Melk, Dürnstein, Vienna na Bratislava, na kwa kawaida huchukua wiki moja kwenda na kurudi. Miji haiko mbali na gati. Bratislava unashuka na kutembea dakika chache tu kufika mji wa kale. Budapest meli nyingi hufunga katikati kabisa ya mji. Vienna nyingi hutia gati karibu na daraja la Reichsbrücke, na kutoka hapo treni ya chini ya ardhi, laini ya U1, kituo cha Vorgartenstraße, inakufikisha Stephansplatz bila kubadilisha.

Sababu kubwa zaidi ya kuanzia Passau ni maji. Ratiba nyingi zinazotangazwa huanzia Nuremberg au Regensburg na kushuka. Tatizo ni kipande cha kama kilomita 70 kati ya Straubing na Vilshofen, ambako mto unatiririka wenyewe bila bwawa la kuinua kina. Mvua ikikosekana wiki kadhaa, meli ndefu haipiti pale. Abiria huambiwa wafungashe, wapande basi, wakaendelee na meli nyingine ya kampuni hiyohiyo upande wa pili. Kijana anaweza kuvumilia. Kwa mama mwenye goti bovu, siku nzima imepotea, na chumba alichokizoea kimepotea pia. Ukianzia Passau, kipande hicho umekwishakiacha nyuma.

Rhine, mto mwingine wa meli hizi, nao una pake pa kukwama, Kaub, katikati ya bonde la majumba ya kale. Oktoba 2018 kipimo cha pale kilishuka hadi sentimita 25. Namba hiyo si kina cha mto wote, maana njia yenyewe ya meli ina zaidi ya mita moja juu ya hapo, lakini ilitosha kusimamisha vyombo vingi.

Hata hivyo, Passau hadi Budapest haijasalimika kabisa. Bonde la Wachau, eneo la mashariki ya Vienna, na sehemu ya chini ya bwawa la Gabčíkovo hadi Budapest, mto bado uko huru, kwa hiyo ukame ukizidi meli huchelewa hapo pia. Mafuriko nayo ni tatizo la upande wa pili: maji yakipanda, meli haipiti chini ya madaraja. Juni 2013 Passau maji yalifika mita 12.89 na mji wa kale ukazama. Ukame huja zaidi kuanzia Agosti hadi Oktoba, mafuriko zaidi mwisho wa masika na Juni. Pamoja na hatari hiyo ya mafuriko, kwa mama anayetoka Dar, Mombasa au Zanzibar, katikati ya Mei hadi Juni bado ndio wakati mzuri: Vienna mchana huwa kama nyuzi 20 hadi 25, siku ni ndefu, na akiwa na sweta na koti jepesi la mvua anatosheka. Meli za masoko ya Krismasi za Desemba zinapendeza, lakini baridi hukaribia sifuri na mawe ya barabarani huteleza. Usimwanzishie huko.

Kabla ya kulipa, iulize kampuni kwa maandishi: maji yakipungua au yakizidi, mnafanya nini, na mnarudisha kiasi gani? Mikataba mingi huipa kampuni haki ya kubadilisha ratiba na kutumia mabasi. Soma kifungu hicho mwenyewe.

Chumba: soma ramani ya meli, picha ziache

Meli hizi zina urefu wa hadi mita 135 na upana wa karibu mita 11.4, kwa sababu malango ya maji (vyumba vya kuinulia na kushushia meli) ya mfereji wa Main-Danube, unaounganisha Danube na Rhine, yana upana wa mita 12. Wembamba huo unaeleza mengi: vyumba ni vidogo, korido ni finyu, na lifti, kama ipo, ni ndogo.

Uliza lifti inafika wapi. Nyingi zinaunganisha sitaha za kati na ya juu tu. Hazishuki sitaha ya chini kabisa na hazipandi sitaha ya jua, ile ya paa. Sitaha ya chini ni ya bei nafuu, ila dirisha lake liko juu ukutani, karibu na usawa wa maji, na halifunguki. Mchukulie mama sitaha ya kati, chumba cha katikati ya chombo, mbali na omo (mbele) na tezi (nyuma). Tezi ndiko injini iliko. Omo kuna mashine ya kusukumia meli pembeni wakati wa kutia gati, nayo huunguruma alfajiri.

Kuna mambo matatu ya kuuliza ambayo watu huyasahau. La kwanza ni vitanda. Vyumba vingi hupangwa kwa ajili ya wanandoa, vitanda vimesukumwa pamoja, kwa hiyo andika kwenye maombi kwamba mnataka vitanda viwili vilivyotenganishwa, na uhakikishe jibu limerudi. La pili ni bafu: kizingiti cha sehemu ya kuogea kina urefu gani, na kuna chuma cha kushikilia ukutani? La tatu ni lugha. Meli nyingi za mto huu huuzwa kwa Wajerumani, na matangazo yote, pamoja na maelezo ya usalama, huwa ya Kijerumani. Kama mama anaelewa Kiingereza, tafuta meli inayotumia Kiingereza.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Gati zikijaa, meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, hata nne. Mkiwa ya nje, kushuka nchi kavu ni kupita ndani ya meli za wenzenu. Milango ikilingana, mnapita mapokezi hadi mapokezi. Isipolingana, ni kupanda hadi sitaha ya jua na kushuka upande wa pili, kwa ngazi za chuma zenye mwinuko. Chumba chenu nacho kitatazamana na cha meli ya jirani, kwa hiyo pazia lifungwe. Mama asiyeweza kabisa kupanda ngazi kumi na tano akishika chuma, safari hii itamfungia ndani. Mpimie nyumbani: apande na kushuka ngazi za ghorofa moja, mara mbili kwa siku, siku tatu mfululizo. Jibu lake liamini kuliko la wakala.

Visa na bima

Nchi zote za njia hii, yaani Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary, ziko Schengen, eneo la Ulaya lenye visa ya pamoja, kwa hiyo visa moja inatosha, hata ya kuingia mara moja. Ukichagua ratiba inayoendelea hadi Serbia, mama ametoka Schengen na atahitaji visa ya kuingia zaidi ya mara moja ili arudi.

Maombi yanapelekwa kwenye ubalozi wa nchi atakayokaa usiku mwingi zaidi, si lazima ile ndege inakotua. Hesabu usiku mmoja mmoja kwenye ratiba, pamoja na siku za hotelini. Zikilingana, ni nchi ya kwanza kuingia. Kwa Passau hadi Budapest mara nyingi ni Austria, lakini hesabu yako ndiyo itakayosema. Dirisha la maombi linafunguka miezi 6 kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, unaweza kufika 45. Nafasi za miadi huisha mapema, kwa hiyo miezi minne kabla si mapema mno. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Kama mtoto anayelipa anaishi Ujerumani au Austria, hati rasmi ya kubeba gharama, Verpflichtungserklärung, ina nguvu kuliko barua ya mwaliko ya kawaida. Ongeza vielelezo vya kwamba mama anarudi: pensheni, hati ya nyumba, biashara.

Bima ya visa lazima ifike euro 30,000 za matibabu. Lakini ile ya bei ya chini mara nyingi haigusi maradhi aliyokuwa nayo tangu zamani, na mama zetu wengi wana presha au sukari. Ongeza hela, chukua inayoyataja maradhi hayo kwa maandishi. Meli za mtoni kwa kawaida hazina daktari. Mtu akiugua, nahodha huita gari la wagonjwa kwenye gati au lango la maji la karibu. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote nne.

Dawa na chakula

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, za siku zote na za wiki moja ya ziada, kwenye makasha yake, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la kitabibu la dawa, mfano amlodipini au metformini, kwa kuwa jina la kibiashara la Dar halijulikani Linz. Tofauti ya saa ni moja tu wakati wa kiangazi, kwa hiyo ratiba ya vidonge haisumbui. Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8, na friji ndogo za chumbani huwa hazina uhakika. Waombe mapokezi waihifadhi jikoni au kwenye friji yao ya dawa. Duka la dawa Ujerumani na Austria lina alama ya herufi A nyekundu. Jumapili mengi hufungwa na huachwa la zamu.

Usimfungie mama samli, jibini wala nyama iliyokaushwa: bidhaa za nyama na maziwa kutoka nje haziruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya. Embe nalo litachukuliwa kama halina cheti cha afya ya mimea. Tende, ndizi, nazi na nanasi hupita bila cheti. Pilipili ya unga na majani ya chai ndivyo vitakavyomsaidia zaidi, kwa sababu chakula cha melini ni kizuri ila ni kipole.

Asiyekula nguruwe lazima aandikishwe wiki kadhaa kabla, na jina lake lirudiwe kwa msimamizi wa chumba cha chakula siku ya kwanza. Shida haiko kwenye nyama inayoonekana. Iko kwenye supu, michuzi na vitindamlo vyenye jelatini. Nyama ya halali ni nadra, kwa hiyo tegemeeni samaki, mayai na mboga. Anayeswali ajue kwamba mwezi Juni Vienna jua huzama karibu saa tatu usiku na kuchomoza kabla kidogo ya saa kumi na moja alfajiri. Kibla kiko kusini-mashariki, lakini meli inapokwenda hugeuka na mto, basi dira ya simu itazamwe kila mara.

Siku zenyewe

Ratiba ya kila siku hubandikwa usiku wa kuamkia, kwa saa za Kizungu za 24. Mwandikie mama kwa saa zetu kwenye karatasi: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Meli haisubiri.

Matembezi ya mjini huchukua saa mbili hadi tatu juu ya mawe ya kale yasiyolingana, kwa hiyo viatu viwe vya kufunga, soli ya mpira, vilivyokwishavaliwa. Uliza kundi la mwendo wa taratibu. Meli nyingi wanalo. Safari za basi za kwenda Salzburg ni karibu saa mbili kwenda na nyingine mbili kurudi. Ziache. Beba sarafu za senti 50 na euro 1 kwa ajili ya vyoo vya mjini, na Budapest wanatumia forinti.

Mama zetu hawasemi wamechoka. Husema, "Nendeni tu, mimi nitawasubiri hapa." Ukisikia hivyo mara moja, siku inayofuata baki naye melini.

Alasiri ya Wachau, kati ya Melk na Krems, ndiyo ya kulindwa kuliko zote. Ni kama kilomita 36 za mashamba ya mizabibu, na meli inayoshuka hupita kwa saa mbili hivi. Mpandishe sitaha ya jua mapema kabla viti havijajaa, mkae upande wa kushoto mkitazama mbele, na muwe na blanketi la chumbani. Spitz itapita kushoto, kisha Dürnstein na mnara wake wa kanisa wa buluu, na juu yake magofu ya ngome alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192. Siku nyingine sitaha hiyo inaweza kufungwa ghafla kwa sababu ya madaraja yaliyo chini.

Kwa ndege, omba msaada wa kiti cha magurudumu saa 48 kabla. Ni bure. Taja aina: WCHR ni kwa anayeweza ngazi ila si mwendo mrefu, WCHS ni kwa asiyeweza ngazi. Ukikosea, mama ataachwa chini ya ngazi za ndege. Fikeni mji wa kupandia siku moja kabla, kwa sababu chumba hufunguliwa alasiri na meli huondoka jioni hiyohiyo. Siku ya mwisho masanduku hutolewa mlangoni alfajiri na vyumba huachwa kama saa tatu asubuhi, basi chagua ndege ya kuanzia saa nane mchana. Kutoka Passau hadi uwanja wa Munich ni zaidi ya saa mbili, na treni hubadilishwa njiani.