Anti Nijibu: Mdogo wangu anaosha glasi safi

Karibuni tena jamani. Meseji za safari hii karibu zote zimeangukia upande mmoja, muvi, tamthilia na mambo ya mashoga na wasagaji, wengine mmetumia maneno makali zaidi na hayo nimeyafuta bila kusoma mara mbili. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu imenikaa kichwani siku tatu nzima.

*Shikamoo anti. Mi ndo wa kwanza kwetu, tuko wanne. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 22. Majuzi tulikuwa wawili tu akaniambia dada mi ni gei, nikacheka, anti nilicheka kweli kweli nikajua ananitania maana yeye ndo mchekeshaji wa nyumba. Na yeye akacheka kidogo alafu akanyamaza. Baadae ndo nikaelewa hakuwa na utani. Sasa kuna tamthilia tunaangalia wote jioni, ina kijana mmoja wa saluni anatembea kwa madoido, akitokea tu sebule nzima tunacheka hata kabla hajafungua mdomo. Zamani nilikuwa sioni, sasa naona, yule kijana akitokea mdogo wangu anainuka anaenda jikoni anafungulia maji anaosha glasi. Juzi nikamfuata. Zilikuwa safi anti, nilishaziosha mwenyewe mchana. Nimwambie nini? Na mama nimwambie au ninyamaze?* (Dada Mkubwa)

Marahaba mwanangu. Nianze na la mama maana ndo la haraka, usimwambie. Wala baba, wala mumeo, wala yule rafiki yako ambaye "hasemagi". Hiyo habari ni ya mdogo wako, yeye ndo atachagua ampe nani na lini, na katika watu wote wa nyumba hiyo kaanza na wewe. Mtu akitangazwa na mwingine anaweza kupoteza kazi, kufukuzwa anapokaa, na kwenye nchi nyingi tu ni kesi ya jela, kwahiyo usilichukulie kama umbea wa kawaida.

Haya, tuje kwenye kicheko. We hukucheka kwa ubaya, ulicheka kwa mazoea, na mazoea hayo kuna watu walikaa ofisini wakayatengeneza. Hollywood walikuwa na kanuni zao zimeandikwa 1930, zikaanza kusimamiwa kwa ukali 1934, na moja ilikataza chochote walichokiita upotovu wa mapenzi, hata kukigusia kwa mbali marufuku. Mwaka 1961 wakalegeza kidogo, 1968 ndo kanuni zote zikatupwa. Sasa mwandishi wa sinema miaka yote hiyo hawezi kumtaja mtu wa hivyo, hawezi kumpa nyumba wala mpenzi wala mama anayemsubiri, afanyeje? Akabaki na ishara. Kiuno, leso, sauti nyembamba, manukato. Mtazamaji anaelewa, mkaguzi hana pa kushika. Na mwenye ishara hizo alipewa kazi mbili tu, kuchekesha au kuwa adui wa picha.

Na kanuni zikifa tabia haifi siku hiyohiyo. Yule mchawi mwenye mikono ya pweza kwenye katuni ya The Little Mermaid ya 1989, Ursula, wachoraji walimtoa kwa Divine, msanii wa kiume aliyepata jina kwa kuigiza akiwa amevaa kike na kujipaka rangi nzito za macho. Hapo kanuni zina miaka 21 kaburini. (Mi Ursula nampenda kuliko yule binti mwenyewe, sauti ile! Lakini mtoto anayeangalia ameshaonyeshwa nani wa kumwogopa.)

Kwahiyo kijana wenu wa saluni ana ukoo mrefu. Mwangalie vizuri leo jioni. Ukimvua yale madoido anabaki nani? Ana deni? Anaumwa jino? Kuna siku alienda kumzika mtu? Kama hakuna kitu basi mwandishi hakuandika mtu pale, ameweka kengele ya kuwaambia mcheke, na mdogo wako kila jioni anakaa hapo anawaangalia ndugu zake wakicheka kitu ambacho anaamini ndo yeye, alafu siku amejikaza amekwambia, na wewe ukacheka kicheko kilekile. Sikulaumu, nakueleza tu kwanini glasi zinaoshwa mara mbili.

Cha kufanya. Msubiri akiwa peke yake, hata hapo kwenye sinki, mwambie siku ile nilicheka, nilidhani utani, nisamehe, nimekusikia. Basi. Usiweke "lakini" nyuma yake. Usimuulize kati yao nani mwanaume nani mwanamke, usimuulize kama kuna mtu alimfanyia kitu utotoni, na tafadhali sana usimwambie "mbona huonekani", maana hapo umemrudisha kijana wa saluni katikati yenu. Ukitaka kuuliza uliza unachowauliza wadogo zako wengine, kama kuna mtu, na kama huyo mtu anamtendea vizuri. Akijibu asipojibu ni juu yake.

TV usizime, utawafanya wote waanze kuhoji. We acha tu kucheka. We ndo wa kwanza, ukinyamaza wewe wa pili atajishtukia, wadogo nawajua. Na siku moja moja sema kwa sauti, hawa waandishi wavivu, huyu kijana kila siku wanampa kitu kilekile. Umemsema mwandishi, hakuna atakayeshangaa, na aliyeko jikoni maji hayajamziba masikio.

*Anti hivi huu ushoga si ugonjwa? Hakuna dawa?* (Mwenye Swali)

Si ugonjwa. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliutoa kwenye orodha yake 1973, Shirika la Afya Duniani likautoa tarehe 17 Mei 1990. Anayekuuzia dawa yake anakuuzia maji.

*Anti mi sina chuki na mtu, ila kwanini siku hizi kila muvi lazima waweke shoga? Zamani hawakuwepo na tuliangalia vizuri tu. Hii ni ajenda.* (Mpenda Muvi)

Mpenda Muvi, walikuwepo, soma jibu la Dada Mkubwa hapo juu. Ila kuna kingine, walikuwa wanakufa. We mtu wa muvi unaijua sheria, steringi hafi. Sasa hawa walikuwa wanakufa kama vile wamesainishwa. Kuna Mmarekani anaitwa Vito Russo, 1981 alitoa kitabu The Celluloid Closet kuhusu watu hawa kwenye sinema, na mwishoni akaweka orodha ya marehemu, jina la muvi, jina la mhusika, na alivyokufa. Ni orodha tu hiyo lakini jaribu kuisoma ukiwa na miaka 17 na unajijua ni mmoja wao.

Na usiseme ni ya zamani. Machi 2016 tamthilia ya The 100 ilimuua Lexa, kamanda, mwanamke wa shoka, vita zote amepona, alafu muda mfupi tu baada ya yeye na mpenzi wake mwanamke kulala pamoja kwa mara ya kwanza risasi iliyolengwa kwa mtu mwingine inampata yeye. Mashabiki walichachamaa dunia nzima, mpaka wakachanga hela kusaidia vijana wanaofikiria kujiua. Waandishi wengi tangu hapo wanajiuliza mara mbili.

Hiyo ajenda unayoisema ingekuwa rahisi hivyo Ellen DeGeneres asingepata alichopata. Tarehe 30 Aprili 1997, kwenye kichekesho chake cha TV, mhusika wake yuko uwanja wa ndege anahangaika kumwambia mwanamke mwenzake ukweli, maneno hayatoki, anainama, anayatoa, kumbe ameegemea maikrofoni ya matangazo na abiria wote wamesikia. Watu kama milioni 42 waliangalia. Mwaka uliofuata kipindi kikafutwa.

Na wengine hawaruhusiwi hata mwisho mzuri. Filamu inayoitwa Rafiki, ya Mkenya Wanuri Kahiu, 2018, ndo ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, na Kenya kwenyewe ikapigwa marufuku. Kahiu alieleza kuwa bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho kwasababu una matumaini mno. Yaani wasichana wawili kupendana wangeweza kulimeza, kinachowakwama kooni ni kwamba hawakuadhibiwa. Septemba mwaka huohuo mahakama ikaifungulia kwa siku 7, kumbi zikajaa.

Ila kuna kitu umesema kweli, hata kama hukukusudia. Wapo wanaowekwa ili waonekane wamewekwa. Anatokea rafiki wa steringi, anasema mstari mmoja kuhusu mpenzi wake, anatoa ushauri, anapotea. Hata mi nakereka. GLAAD, shirika la Marekani linaloangalia watu hawa wanavyoonyeshwa kwenye sinema na TV, 2013 walitoa kipimo na wakakipa jina la huyohuyo Russo: mhusika ajulikane wazi ni nani, awe na mambo mengine maishani mbali na hilo, na ukimtoa kwenye hadithi hadithi iyumbe. Jaribu hicho cha tatu kwenye muvi zako za wiki hii, utagundua wengi wao ukiwafuta hakuna kinachobadilika. Kwahiyo hasira yako iache ilivyo, ila geuza mdomo wa bunduki, kosa ni la aliyemwandika mtu kama pambo.

*Anti naomba msaada wa kikazi. Naandika sabutaito za Kiswahili. Kuna sini mwanamke anamsimulia bosi wake habari za mpenzi wake, anakwepakwepa asitaje jinsia, alafu inamponyoka ile "she" ya Kiingereza, bosi anashtuka. Kiswahili chote ni yeye. Sasa bosi anashtuka nini? Na neno gei niandike shoga?* (Mtu wa Sabutaito)

Meseji yako nimeisoma nikacheka peke yangu, maana ni kweli kabisa. Kiswahili hakiulizi. Amekuja, amelala, ananipenda, amenikasirikia, hujui ni nani. Niliwahi kufanya kazi na mtu miaka sita, kila siku "mwenzangu anaumwa", "mwenzangu amesafiri", na sisi bila kuulizwa tukampa huyo mwenzake jinsia, tukampa na sura, kuna mmoja wetu alikuwa anaulizia mpaka watoto. Hajawahi kutudanganya hata neno moja. Sisi ndo tulijidanganya.

Lakini kwako hapo ni shida, kwasababu wenye Kiingereza wana he ya mwanaume na she ya mwanamke, kila wakifungua mdomo wanachunguliwa, na sini nzima imesimama juu ya huo uchovu wa kukwepa. Ukiandika yeye mwanzo na yeye mwisho bosi ataonekana mwehu. Hamisha mponyoko kutoka kwenye nafsi uuweke kwenye kitu. Mwache aseme mwenzangu, yeye, mtu wangu, mistari yote ya mwanzo, alafu pale inapomponyoka andika "ameacha gauni lake kwangu". Gauni linatosha, ni fupi, linaingia kwenye mistari yako miwili, na mtazamaji anashtuka sekunde ileile na bosi. Usiandike "mpenzi wangu ni mwanamke", hapo atakuwa ametangaza, na mwandishi alitaka imponyoke. Kwa mhusika asiyejiita mwanaume wala mwanamke ndo utakula raha, wenzako wa lugha nyingine wanapigana na nafsi zao we yeye yako iko tayari, chunga tu kaka, dada, bwana na bibi zisijipenyeze.

Kuhusu shoga, angalia mdomo unaolitoa. Neno hili ni la wanawake, shoga yangu umepotea, shoga nikwambie kitu, ni rafiki wa kike kwa mwenzake na mpaka leo tunaitana hivyo. Baadae likarushiwa wanaume kama tusi. Kwahiyo mtukanaji akitukana weka shoga, usimsafishie mdomo. Ila mtu anayejitaja mwenyewe, anayemwambia mama yake kwa mara ya kwanza huku anatetemeka, mwandikie gei, au mwandikie "napenda wanaume". Msagaji ni hivyohivyo, hakuna binti atakayelichagua neno hilo kwa sauti ya upole, "nampenda mwanamke mwenzangu" inatosha. Wenyewe wa Afrika Mashariki wapo wanaojiita kuchu, lakini ukilitia kwa mhusika asiye wa huku litaning'inia. Hanithi achana nalo, kwa kawaida ni mwanaume asiyeweza tendo. Na mtu wa transi, yule anayejijua ni wa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa, usimwite mwenye jinsia mbili, huyo ni huntha, ni habari ya maumbile ya kuzaliwa nayo na ni mtu mwingine kabisa. Andika transi, au muache ajiseme, "mi ni mwanamke", kama alivyosema kwenye picha.

Ukimaliza hiyo sini nitumie, nataka kuona bosi ameshtukaje na hilo gauni.