Mfumo endeshi wa Kiswahili: tuunde mpya au tuboreshe uliopo?

Mkuu, umeuliza kama wewe na wenzako watatu wa chuo muanzishe mfumo endeshi wenu wa Kiswahili (programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows) au muingie kwenye Debian na Ubuntu, mifumo ya bure ya Linux, muiboreshe iliyopo. Mimi riziki yangu ni kufunga na kukarabati kompyuta za mashule, nitakujibu kifundi: boresheni iliyopo.

Wengi wanaosema wameunda mfumo mpya wamechukua Ubuntu, wakabadilisha rangi na nembo, wakaupa jina. Hiyo ni kazi ya wikendi. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Kuna sekondari moja niliitwa, maabara nzima imefungwa mfumo wa aina hiyo, jina tamu la Kiswahili na twiga kwenye skrini. Nikapiga apt update, amri ya kuuliza seva (kompyuta za mtandaoni zinazogawa programu) kama kuna masasisho: mistari ya Ubuntu ikapita bila tatizo, ilipofika seva ya wenyewe ikagoma, seva haipo. Vijana walioutengeneza walishahitimu, kila mtu yuko na mambo yake. Kibaya zaidi, kivinjari walikipakia wao na kukipa kipaumbele juu ya kile cha Ubuntu, kwa hiyo kiliganda kwenye toleo la zamani, na wanafunzi wanaingilia humo humo kwenye barua pepe zao. Nilifuta faili lao ndani ya sources.list.d, linalotaja seva yao, na lingine ndani ya preferences.d, linalotoa kipaumbele, nikasakinisha kivinjari upya, mashine zikaendelea kama Ubuntu ya kawaida. Twiga nilimwacha, watoto walimpenda.

Debian ipo tangu 1993 na ina watu wa kujitolea takribani elfu moja. Toleo thabiti linapata masasisho ya usalama miaka mitatu, kisha ya muda mrefu hadi mitano. Nyinyi wanne, likitoka tundu la usalama wiki ya mitihani, nani atakesha?

Na kama mnamaanisha kuanza sifuri kabisa, na keneli yenu, yaani kiini cha mfumo, hapo ndipo draiva, programu za kuendesha vifaa, zitawaua. Kila kadi ya Wi-Fi, kila printa, kila chipu ya sauti inataka mtu wa kuiandikia. Haiku, mfumo endeshi mwingine, walianza 2001, wana watu wazuri kweli kweli, na bado wako beta, yaani toleo la majaribio. Hurd, keneli ya mradi wa programu huru wa GNU, ilianza 1990, toleo 1.0 halijaonekana.

Najua kuna atakayerukia kusema mbona Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza upya 1991. Alianza kwa sababu cha kuboresha hakikuwepo mkononi: Hurd ilikuwa haijawa tayari, na 386BSD, mfumo mwingine huru, ilikuwa haijatoka. Mwenyewe aliwahi kusema kwamba kama 386BSD ingekuwepo alipoanza, huenda Linux isingezaliwa. Leo hiyo sababu nyinyi hamna.

Kwa Kiswahili mfano mzuri tunao hapa hapa nyumbani. Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haukuunda programu mpya ya ofisi. Walichukua OpenOffice, wakaitafsiri, na 2004 ikatoka Jambo OpenOffice.

Keneli ya kujifunzia andikeni, tena nawahimiza, ni somo ambalo darasani hulipati. Ila msiipeleke shuleni kwa watu.

Faida ya kufanyia kazi Debian ni kwamba rekebisho lako likikubaliwa linateremka lenyewe hadi Ubuntu, na kutoka Ubuntu hadi Mint, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, bila wewe kuendesha seva hata moja. Anzeni na kinachowakera hapo chuoni. Umegusia kwamba Wi-Fi ya laptopu zenu haishiki: endesha lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani na draiva zake, ubandike hapa sehemu ya Network yote, pamoja na mstari wa Kernel driver kama upo, na useme ni toleo gani la Ubuntu. Usiku nikifunga ofisi nitaipitia.