Paa halianguki, linang'olewa

Asubuhi baada ya kimbunga kuondoka na paa letu, niliokota msumari sebuleni. Ulikuwa umenyooka kama uliotoka dukani jana. Haukupinda wala kukatika. Ulichomolewa tu kwenye mbao.

Wengi wetu hujenga tukiwazia uzito unaoshuka: bati juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kenchi juu ya ukuta, ukuta juu ya msingi. Kimbunga hufanya kinyume. Upepo ukipita kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu, na kasi ikiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4. Msumari peke yake hauwezi kushindana na mvuto huo.

Nilipojenga upya nilimwambia fundi: kila kitu kifungwe na kilicho chini yake, hadi msingini. Kila kenchi ikapata mkanda wa chuma uliopita juu yake na kushuka pande zote mbili. Mbao iliyolala juu ya ukuta tukaibana kwa bolti zilizozamishwa kwenye zege la lenta, yaani boriti inayozunguka juu ya kuta, likiwa bado bichi. Nondo za lenta zikafungwa na za nguzo, na za nguzo zikaanzia msingini. Kiungo kimoja kikirukwa, upepo utaanzia hapo. Panda ngazi ukakague mwenyewe kabla dari haijafungwa. Mimi nilikuta kenchi 3 hazina mikanda, na fundi wangu ni mtu mwaminifu sana.

Paa linaloteremka pande 4 huhimili zaidi kuliko la pande 2. Misumari izidishwe kingoni na kwenye pembe, maana huko mvuto ni mkali zaidi.

Kuhusu madirisha, tafadhali usimsikilize anayekwambia uyafungue ili upepo upite. Upepo ukishaingia, hulisukuma paa kutoka ndani huku ule wa nje ukilivuta. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida mwaka 1992, nyumba nyingi ziliharibika hivyo: dirisha au mlango wa gereji ukitoboka, paa linafuata. Jimbo lile likaandika upya kanuni zake za ujenzi, zikaanza kutumika mwaka 2002. Weka vifuniko imara, na mlango wa gereji uuongezee vyuma vya kukingama.

Kama nyumba imeshajengwa, bado inawezekana. Kwa mama tulifungua dari kandokando ya kuta tu, tukafunga mikanda kenchi moja baada ya nyingine. Ilituchukua siku 2.